Kubadilisha fenda ya gari nyumbani kwa spea iliyotumika: mwongozo kamili

Fenda ya mbele, yaani bati linalofunika tairi la mbele, ni mojawapo ya sehemu chache za bodi ambazo mtu asiye fundi anaweza kuzibadilisha mwenyewe na gari likarudi sura yake. Kwenye magari mengi ya kawaida haichomelewi. Imefungwa kwa bolti chache, mara nyingi kati ya 6 na 12, na nyingi ni za spana namba 10. Zifungue zote, fenda inatoka nzima.

Hapo ndipo watu hudanganyika. Kufungua na kufunga bolti ni sehemu ndogo ya shughuli hii. Kazi yenyewe ni mianya: ule uwazi mwembamba kati ya fenda na mlango, fenda na boneti, fenda na taa, fenda na bampa. Fenda ikikaa nje ya mstari kwa milimita mbili tu, mpita njia atajua gari liligongwa, hata kama hawezi kueleza alichokiona. Kwa hiyo muda mwingi utautumia mahali pawili: kwenye kuchagua fenda, na kwenye kuipanga kabla hujakaza bolti. Rangi inakuja baadaye.

Ninazungumzia fenda ya mbele peke yake. Ile bodi inayofunika tairi la nyuma huchomelewa pamoja na mwili wa gari. Kuibadilisha ni kukata na kuchomelea, na hiyo ni kazi ya karakana.

Kwanza hakikisha tatizo ni fenda peke yake

Fenda ni ngozi, haibebi uzito wowote wa gari. Mifupa iko ndani: vyuma vinavyoshika shokapu, rejeta na taa. Kama kishindo kilipita fenda kikafika kwenye mifupa, fenda nyingine haitakaa hata uivute namna gani, na utaishia kutanua matundu ya bolti kwa drili ukitafuta nafasi ambayo haipo.

Simama mbele ya gari hatua kadhaa, chuchumaa, tazama boneti ikiwa imefungwa. Linganisha mwanya wa upande mzima na wa upande ulioumia. Nenda ubavuni uangalie tairi: limekaa katikati ya tao lake, au limesogea nyuma kuelekea mlangoni? Tairi lililosogea ni dalili kwamba vyuma vya chini vimepinda, na gari hilo halifai kuendeshwa mpaka likaguliwe.

Kisha fungua boneti, chukua futi ya kupimia. Chagua alama mbili zinazofanana pande zote, kwa mfano bolti ya juu ya shokapu na tundu la kona kwenye mhimili ulioshika rejeta. Pima mshazari kutoka shokapu ya kushoto hadi kona ya kulia, halafu kutoka shokapu ya kulia hadi kona ya kushoto. Vipimo vikipishana kwa milimita 3 hivi, endelea bila wasiwasi. Vikipishana kwa sentimita nzima, gari linahitaji kuvutwa kwenye mashine ya kunyooshea bodi kabla ya kufikiria fenda. Angalia pia maungio ya vyuma vya ndani. Rangi iliyopasuka kwa mistari, gundi ya maungio iliyochanika, au bati lililojikunja kama karatasi, vyote vinasema nguvu ilifika mbali.

Kuchagua fenda kwa wavunja magari

Kati ya fenda mpya ya kuiga na fenda iliyotumika iliyotoka kiwandani na gari lake, mimi huchukua iliyotumika. Ilikandamizwa kwenye kalibu ileile iliyotoa fenda ya gari lako, kwa hiyo mikunjo na matundu yake yanalingana. Za kuiga nyingine ni nzuri, lakini nyingine bati lake ni jepesi na tundu moja au mawili yako pembeni kidogo ya yanapotakiwa, na hicho "kidogo" ndicho kitakachokupotezea siku nzima.

Usitafute kwa jina la gari pekee. Gari moja linaweza kubaki na jina lilelile huku katikati ya uzalishaji wakabadilisha taa za mbele, na taa zikibadilika, ncha ya mbele ya fenda nayo hubadilika. Nenda na namba ya chesi na mwaka wa kutengenezwa, na picha za fenda yako ulizopiga kutoka mbele, ubavuni na ndani ya tao la tairi. Hesabu matundu: la indiketa ya ubavuni, la eriali, ya nembo, ya ukanda wa plastiki wa tao. Tundu linalokosekana unaweza kulitoboa. Tundu lililozidi lazima lichomelewe na kusawazishwa, kwa hiyo likwepe.

Beba sumaku ndogo iliyofungwa kwenye kitambaa laini. Ipitishe polepole juu ya fenda nzima. Penye bati tupu na rangi, sumaku inashika kwa nguvu ileile kila mahali. Inapolegea ghafla, chini yake kuna puti, ule ujazo unaopakwa kusawazisha mabonyeo, yaani fenda hiyo nayo iliwahi kugongwa. Isiposhika kabisa, usikimbilie kuikataa, kwani si fenda zote ni za chuma. Ford F-150, tangu toleo la 2015, bodi yake ni ya alumini, na Volkswagen New Beetle ilikuwa na fenda za mbele za plastiki. Cha msingi ni kwamba unachonunua kiwe cha malighafi ileile iliyoko kwenye gari lako.

Kutu ina sehemu zake inazozipenda. Pitisha vidole ndani ya ukingo wa tao la tairi, kisha kwenye kona ya chini nyuma ya tairi, pale matope yanapokusanyika. Rangi iliyovimba kama malengelenge hapo ina maana bati limeshaliwa kutoka ndani, na kinachoonekana nje ni mabaki. Iache.

Halafu tazama vichwa vya bolti, kama fenda bado iko kwenye gari. Kiwandani bolti za fenda kwa kawaida hupakwa rangi pamoja na bodi. Ukikuta pembe za bolti zimechubuka na bati linaonekana, jua kuna mtu alishaifungua kabla yako. Si lazima iwe mbovu, lakini ikague mara mbili.

Mwisho lala chini kidogo, tazama fenda kwa mshazari huku mwanga ukiteleza juu yake. Kibonyeo kidogo mahali palipo tambarare kinarekebishika. Kibonyeo kilichokata ule mstari mkali unaotoka taa kwenda mlangoni ni kazi ya fundi mzoefu. Mikwaruzo ipuuze, kwa sababu utapaka rangi. Nikipewa fenda iliyonyooka ya rangi nyingine kabisa, na fenda ya rangi yangu iliyokunjika kwenye mstari, nitabeba ya kwanza bila kujiuliza.

Kuhusu rangi yenyewe: kila gari lina namba ya rangi kwenye kibati au karatasi iliyobandikwa kwenye nguzo ya mlango au ndani ya boneti. Kwa Toyota, kwa mfano, 040 ni nyeupe na 1F7 ni fedha ya metaliki. Namba zikifanana unaweza kuwa na bahati ya kufunga fenda bila kupaka, hasa kwa rangi zisizo na chembe za kung'aa. Lakini magari mawili yenye namba moja, moja lililolala kivulini na lingine lililochomwa na jua miaka kumi, hayafanani. Leta gari lako yadini, shikilia fenda ubavuni mwake nje juani, ndipo uamue.

Ukiruhusiwa, ifungue mwenyewe. Wavunja magari wengi wana haraka, na haraka yao ni patasi na mtaimbo. Masikio ya kufungia yakipinda au kuchanika, umenunua bati. Chukua pia bolti zake, nati za klipu zilizobana kwenye ukingo, kile kipande cha plastiki kinachoshika kona ya bampa, na ile plastiki nyeusi inayofunika tundu la tairi kwa ndani. Vitu hivi vidogo huvunjika kwenye ajali na watu huvikumbuka wakiwa wamesharudi nyumbani. Dai risiti yenye maelezo ya gari ilikotoka, maana spea za wizi zipo. Wakati wa kusafirisha, fenda isimame kwa ukingo juu ya blanketi, na kisiwekwe kitu juu yake.

Zana

Soketi namba 8, 10 na 12 na ekstensheni ndefu, bisibisi bapa na ya nyota, plaisi, kijiti cha plastiki cha kung'olea klipu, jeki na stendi mbili, spana ya magurudumu, tepu ya karatasi ya mafundi rangi, mafuta ya kulegeza kutu, brashi ya waya, washa nyembamba za kutosha (vile vibati vya duara vyenye tundu vinavyokaa chini ya bolti). Ongeza alenki ya milimita 4, ile spana ndogo yenye umbo la herufi L. Utaiona faida yake baadaye.

Nunua klipu za plastiki za akiba. Zilizokaa miaka kwenye joto na matope hukatika hata ukizigusa kwa adabu.

Kabla ya kufungua bolti ya kwanza

Egesha gari mahali tambarare mbele ya ukuta, jioni. Washa taa za chini, weka vipande vya tepu ukutani pale mwanga unapokatikia, na vingine sakafuni kuonyesha tairi zilipo. Taa itatoka na kurudi, na alama hizi zitakuonyesha kama imerudi ilipokuwa. Kama taa imevunjika kwenye ajali, alama ya upande mzima inatosha kukuongoza.

Pima mianya ya upande usioumia, na uiandike: juu, katikati na chini ya mlango, halafu sehemu tatu za boneti. Magari mengi ya sasa yana milimita 3 hadi 5. Hizo namba ndizo utakazozifuata upande wa pili.

Zima gari, toa ufunguo, ondoa waya wa hasi wa betri, kisha subiri angalau dakika 10. Sensa za eabegi (mifuko ya hewa inayofumuka ajali ikitokea) za mbele mara nyingi ziko kwenye mhimili wa rejeta au nyuma ya taa, yaani mahali mikono yako itakapokuwa, na mfumo wake hubaki na umeme kwa muda baada ya betri kuondolewa. Usiwashe tena gari huku plagi ya sensa ikiwa imeachia. Kwenye gari la haibridi usiguse waya wowote wa rangi ya chungwa. Taa za zenoni nazo zina umeme mkali, kwa hiyo zichomoe zikiwa zimezimwa na zimepoa.

Bandika tepu ya karatasi, tabaka mbili, kwenye ukingo wa mlango, ukingo wa boneti na nguzo ya kioo. Mikwaruzo mingi ya kazi hii haitokani na ajali, inatokana na kona ya fenda inayotoka.

Kufungua

Legeza nati za gurudumu gari likiwa bado chini. Inua kwa jeki mahali palipoelekezwa kwenye kitabu cha gari, weka stendi, kisha toa gurudumu. Jeki peke yake isikushawishi. Utakuwa umeingiza kichwa na mabega ndani ya tao.

Anza na plastiki ya ndani. Inashikwa na skrubu na klipu, na kila klipu ina kitovu katikati. Inua kitovu kwanza kwa bisibisi bapa, ndipo mwili wake utoke. Ukiilazimisha bila kuinua kitovu, unaivunja. Nyuma ya plastiki hii utakuta bolti zilizojificha, na kwa magari mengi tangi la maji ya waipa pia.

Bampa hufuata. Kwa gari fulani inatosha kuachia kona moja na kuivuta kando. Kwa gari lingine ni lazima itoke yote ili ufikie bolti zilizo chini ya taa. Usivute bampa kabla hujatazama nyuma yake kama kuna waya wa taa za ukungu au sensa za kuegesha. Toa taa, kisha indiketa ya ubavuni.

Sasa bolti za fenda. Mpangilio hubadilika kati ya gari na gari, ila mara nyingi ziko hivi: tatu au nne juu, kando ya boneti, moja au mbili mbele, nyuma ya taa na bampa, moja au mbili chini, kwenye kizingiti chini ya mlango, na mbili nyuma, kwenye nguzo ya mlango. Ya juu ya nguzo huonekana tu mlango ukiwa wazi kabisa, na wengi huisahau kisha wanavuta fenda kwa hasira. Fenda isipotoka kwa kutikiswa taratibu, kuna bolti bado. Ukishahakikisha hakuna, tafuta gundi ya maungio kwenye kona ya juu karibu na kioo, ikate kwa kisu.

Kabla ya kugeuza kila bolti, zungushia washa yake mstari kwa kalamu ya wino. Weka bolti za kila eneo kwenye mfuko wake, maana urefu hutofautiana.

Bolti iliyoshikwa na kutu isugue kwa brashi, ipulizie mafuta, iache ilowe hata usiku kucha. Ukianza kuigeuza, nenda robo mzunguko mbele, rudi kidogo nyuma, ongeza mafuta. Ikikatika usihuzunike sana: toboa katikati yake kwa drili ya milimita 5, kisha kata uzi mpya wa M6, yaani mikato ya bolti yenye kipenyo cha milimita 6. Au achana na uzi wa zamani, tumia nati ya klipu.

Fenda ikiachia, awepo mtu wa kuishika upande wa mbele. Ni nyepesi lakini ni pana, na upepo ukiipiga mkononi mwako mlango ndio utakaoumia.

Kilichokuwa kimefichika

Hapa usipite haraka. Eneo lililo nyuma ya fenda, kati ya tao la tairi na nguzo ya mlango, halijaoshwa tangu gari litoke kiwandani. Majani yanayoanguka chini ya kioo cha mbele huteremka na maji ya mvua kupitia mfereji wa ndani, yanatua hapa, yanaoza na kuwa udongo. Huo udongo hubaki na unyevu kwa wiki, na ndio unaokula kizingiti kutoka ndani. Nimeona magari yanayong'aa nje, ukitoa fenda unachota mboji kwa kiganja.

Toa uchafu wote kwa mkono, kisha osha kwa maji kutoka juu ukiangalia kama yanatoka chini bila kuzuiwa. Kama kuna sponji iliyojazwa kati ya fenda na nguzo na imelowa, itupe uweke nyingine mpya isiyonyonya maji. Piga brashi ya waya penye kutu, paka dawa ya kutu, kisha praima, yaani rangi ya msingi, kisha rangi yoyote. Haionekani, kwa hiyo isikusumbue ilingane au isilingane. Masikio ya kufungia yaliyopinda kwenye mwili wa gari yanyooshe sasa kwa plaisi, ukilinganisha na upande mzima.

Kujaribisha kabla ya rangi

Fenda iende kwenye gari kabla ya kupakwa rangi. Ukiipaka kwanza halafu ukakuta sikio moja limepinda, utaligonga na kuharibu kazi yako mwenyewe.

Ipachike, weka bolti zote kwa vidole, usikaze hata moja. Anza na mwanya wa mlango, kwa sababu mlango ndio usiosogea. Boneti ina nafasi ya kurekebishwa, taa na bampa pia, lakini ukianza kuchezea bawaba za mlango ili ufuate fenda utavuruga gari zima.

Weka alenki ya milimita 4 kati ya fenda na mlango uliofungwa, kama upande mzima ulipima hivyo. Iteremshe polepole kutoka juu hadi chini. Inapaswa kupita kwa kugusa pande zote mbili kidogo, bila kubanwa wala kucheza. Ikikwama chini, kona ya chini ya fenda imesogea nyuma mno, kwa hiyo legeza bolti ya kizingiti uivute mbele. Ikicheza juu na kukwama chini, fenda nzima imezunguka: inua ncha ya mbele au ishushe, angalia tena. Bolti ya juu ya nguzo ndiyo egemeo. Ukishaipatia, ikaze nusu, halafu fenda itazunguka juu yake na si kuhama kabisa.

Baada ya mwanya, usawa. Pitisha kiganja kutoka kwenye fenda kwenda mlangoni. Vidole visikwame kwenye ukingo wa mlango. Fenda ikae sawa na mlango au itokeze kwa unene wa kucha tu. Mlango ukitokeza, upepo utapiga ukingo wake na utausikia mwendo wa kasi. Fenda ikiwa imezama, ongeza washa nyembamba kati yake na sikio la kufungia. Ikitokeza, punguza.

Sasa mlango. Ufungue polepole sana, sikio likiwa karibu. Ukingo wa mbele wa mlango huingia nyuma ya fenda unapofunguka, na mwanya ukiwa mdogo vinagusana katikati ya safari, si mwanzoni. Kama tepu uliyobandika imechubuka, bado hujamaliza.

Fuata boneti. Ishushe kwa mikono miwili hadi ikaribie, tazama kama inapanda juu ya fenda, ndipo uifunge. Urefu wake hurekebishwa na vile vifundo vya mpira vinavyozungushwa kwenye kona za mbele. Mwisho shikiza taa na kona ya bampa, kwa sababu fenda inaweza kupendeza mlangoni na kukataa taa. Vyote vikikubali, piga picha, zungushia bolti mistari mipya kwa kitu chenye ncha, kisha uitoe tena.

Rangi

Uamuzi wa kweli ni huu: upake mwenyewe au umpelekee fundi rangi fenda peke yake. Kupeleka fenda iliyofunguliwa ni rahisi zaidi kuliko kupeleka gari, kwani hakuna kufungua wala kuziba vioo. Kwa rangi ya fedha au ya lulu, ningempa fundi. Chembe zake hulala kwa namna tofauti kulingana na mkono wa mpakaji, na hata fundi mzuri mara nyingi hulazimika kufifisha rangi kidogo kuingia mlangoni ili jicho lisione mpaka. Nyeupe, nyeusi ya kawaida na nyekundu zisizo na chembe zinasamehe.

Ukiamua mwenyewe, osha kwa sabuni, kausha, kisha pangusa kwa dawa ya kuondoa mafuta na nta kabla ya msasa. Ukianza na msasa unaisukuma nta ndani ya mikwaruzo, na rangi itakataa kushika. Kibonyeo kidogo nyoosha kwanza kwa nyundo na kibao, ndipo puti, isizidi milimita 3. Hadina, dawa inayochanganywa na puti ili igande, kwa kawaida ni asilimia 2 hivi, lakini fuata maelekezo ya kopo. Usiweke puti juu ya praima ya asidi, haitashika. Msasa namba 180 unaitengeneza puti, 320 unaondoa mistari yake. Praima tabaka mbili au tatu, kisha msasa wa maji namba 600 hadi 800.

Itundike fenda wima kama itakavyokaa kwenye gari, hasa rangi za metaliki, maana ikilala chembe hukaa tofauti. Paka kingo na mikunjo ya ndani kwanza, uso baadaye. Tabaka nyepesi, umbali wa sentimita 15 hadi 20 kwa bunduki ya rangi, zaidi kidogo kwa kopo la kupuliza, na dakika 10 hadi 15 kati ya tabaka na tabaka. Jaribu kwanza kwenye kipande cha bati, ukilinganishe na mlango mchana. Mbali na jua kali, mbali na vumbi, na si siku ya mvua.

Klia, ile rangi angavu ya juu kabisa, ya kuchanganywa na hadina ndiyo inayodumu, lakini ina kemikali ziitwazo aisosianeti ambazo zinaweza kukuachia pumu ya maisha. Barakoa ya vumbi haizuii kitu hapo. Bila kinga ya upumuaji inayoleta hewa safi kutoka nje na mahali penye hewa ya kutosha, sehemu hiyo mwachie mwenye chumba cha rangi.

Kufunga kwa mara ya mwisho

Subiri rangi ikauke kama kopo linavyosema, halafu ongeza siku. Puliza nta ya kuzuia kutu ndani ya mikunjo ya fenda na kwenye eneo ulilosafisha. Ipachike ukifuata mistari uliyochora, pitisha alenki tena, kwa sababu rangi nayo ina unene. Kaza ukianzia mlangoni, kisha juu, kisha mbele, ukipima kila baada ya bolti mbili, kwa kuwa bolti inapokazwa huvuta bati pamoja nayo. Bolti za M6 hazihitaji nguvu kubwa: Nm (kipimo cha nguvu ya kukaza) 8 hadi 10 inatosha, na nguvu ya bega itazikata. Vichwa vyake vipake rangi kwa brashi ndogo.

Rudisha indiketa, taa, bampa, tangi la waipa, plastiki ya ndani. Usiache plastiki hiyo nje kwa kuwa klipu zimevunjika, maana bila hiyo matope yatajaa nyuma ya fenda ndani ya msimu mmoja wa mvua. Rudisha gurudumu na ulikaze kwa kipimo cha kitabu cha gari. Magari mengi madogo ni kati ya Nm 90 na 120. Ndipo urudishe betri.

Washa gari. Taa ya eabegi iwake kisha izime. Isipozima kuna plagi umeisahau. Egesha kwenye alama zako za sakafuni, linganisha mwanga na tepu za ukutani, urekebishe kwa skrubu za nyuma ya taa. Kata usukani hadi mwisho kushoto, kisha kulia, ukisikiliza kama tairi linakwangua plastiki. Mwaga maji chini ya kioo cha mbele uone yanatokea wapi.

Baada ya siku chache barabarani, pitia bolti zote kwa spana, hasa ya kizingiti, na usikilize mlio wa kugonga kwenye matuta. Gari lioshwe kwa maji tu mwanzoni. Nta ya kung'arisha isiguse rangi mpya kabla ya mwezi kupita.